Jicho Ndani ya Fundo la Ubao: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Chapa ya Kisurealisti

Kwa miezi kadhaa sasa naletewa chapa za jicho zilizoshindikana. Nyingine zinafika zimekunjwa kwenye bahasha, nyingine ni picha za simu tu. Makosa ni yaleyale matatu. La kwanza, wino umejaa kwenye mistari ya mti na karatasi nzima imetoka doa jeusi. La pili, jicho limechongwa likakamilika mpaka kope, na mtu akilitazama anasema "jicho" kisha anaendelea na shughuli zake. La tatu, mboni inayotakiwa kupotea haipotei.

Kosa la kwanza na la tatu ni ya mkono na kipimo, yanarekebishika kwa jioni moja. La pili ndilo linaloniuma. Linatokea kwa sababu mchongaji amejua kabla ya kuona: amekaa mbele ya ubao akiwa na jicho lake kichwani, akalibandika. Ubao haukuulizwa kitu.

## Tunachotengeneza

Ni chapa moja ya ubao wenye fundo. Mtu akiwa mbali anaona mbao tu. Akikaa nayo kidogo anaanza kutazamwa. Akisogea, akafumba jicho la kushoto na kukazia macho nukta ndogo iliyo pembeni, mboni ya lile jicho inatoweka kabisa, na mahali pake panajaa mistari ya mti kana kwamba fundo halikuwahi kuwepo. Hakuna ujanja wa wino hapo. Tundu liko ndani ya jicho la mtazamaji mwenyewe.

Historia naiweka kando, ila jambo moja linahitajika maana mbinu yote imesimama juu yake. Tarehe 10 Agosti 1925, katika mji wa Pornic kwenye pwani ya Ufaransa, Max Ernst, mchoraji Mjerumani wa kundi la wasurealisti (wasanii waliotafuta yanayojitokeza kabla akili haijayapanga, kama katika ndoto), alivutwa na mbao za sakafu zilizochakaa kwa kusuguliwa. Akatandaza karatasi juu yake na kuzisugua kwa penseli, akangoja kuona kitakachojitokeza. Mwaka 1926 zikatoka karatasi 34 zilizotokana na kusugua huko, na moja kati yake, La roue de la lumière (Gurudumu la Mwanga), ni jicho moja kubwa peke yake. Zile zilinakiliwa kwa njia ya picha ndipo zikachapwa. Sisi tutachapa kutoka kwenye ubao wenyewe.

## Mahitaji

Kusanya vyote kabla hujaanza. Wino ukishafunguliwa hakuna muda wa kwenda dukani.

- Ubao wa msonobari wenye fundo moja, unene wa sm 2, urefu sm 30, upana usiopungua sm 15
- Brashi ya waya wa chuma, na barakoa ya vumbi
- Karatasi za fotokopi za gramu 80, kama 15, za majaribio na kusugulia
- Karatasi nzuri isiyong'aa ya gramu 80 hadi 120 kwa chapa zenyewe. Ile ya kung'aa kama ya kalenda haifai, wino unateleza juu yake
- Penseli laini, 6B ikipatikana
- Karatasi moja ya kaboni, rula, na selotepu ya karatasi wanayotumia wapaka rangi
- Bobari (patasi ndogo ya kuchongea) mbili, moja yenye ncha ya V na moja ya U ya mm 5, pamoja na kinoo
- Vanishi kidogo na msasa namba 240
- Wino mweusi wa mafuta wa kuchapia
- Roli ngumu ya mpira, kipande cha kioo cha sm 30 kwa 30 kilichozungushiwa selotepu kingoni, na skrepa ya putty
- Upawa, au kijiko cha mti chenye mgongo laini
- Mafuta ya kula, sabuni, matambara

Kuhusu wino: kama hupati wa sanaa, nenda kwa wachapaji wadogo wa ofseti, wa Kariakoo au wa River Road, waombe wakuuzie kidogo kutoka kwenye kopo. Ni mzito, unakauka polepole, na unafaa sana kwa kazi hii. Usitumie rangi ya ukutani. Inakauka ukiwa bado unaipaka, na ndiyo iliyoharibu nusu ya chapa nilizoletewa.

Kuhusu roli: ile ya sponji ya kupakia rangi ukutani ni laini mno. Inabonyea na kusukuma wino hadi kwenye mabonde ya ubao, mahali ambapo wino haupaswi kufika hata chembe.

## Kwanza pima tundu la jicho lako

Hii haina namba kwa sababu si hatua ya chapa, ila ukiiruka utakuwa mmoja wa wale ambao mboni yao haipotei.

Nyuma ya jicho kuna mahali ambapo mshipa wa fahamu unatoka kuelekea kwenye ubongo. Hapo hapana chembe za kupokea mwanga, kwa hiyo hapo hatuoni. Mfaransa Edme Mariotte aliligundua doa hilo pofu miaka ya 1660. Kila jicho zima lina lake, na hatulijui kwa sababu ubongo unalijaza kwa kufuata kilicho kando yake.

Chukua karatasi nyeupe. Chora nukta ndogo upande wa kushoto. Pima sm 8 kwenda kulia, uchore duara la upana wa sm 1.5 na ulijaze weusi. Fumba jicho la kushoto. Kwa jicho la kulia tazama nukta, nukta tu. Anza ukiwa umenyoosha mkono, kisha leta karatasi karibu polepole. Kwenye umbali wa karibu sm 30 duara litapotea. Ukizidi kuileta litarudi.

Sasa chora mistari ya penseli ya kulala, karatasi nzima, ikiishia kwenye ukingo wa duara pande zote mbili. Rudia. Duara likipotea, mistari itaonekana imepita moja kwa moja pale ambapo hapana mstari wowote.

Lisipopotea, jicho lako linachungulia duara. Kila mtu hufanya hivyo mara ya kwanza. Tulia, kaza macho kwenye nukta na uache duara liwe pembeni bila kulifuata. Likikubali, mtu akupimie kwa rula umbali kutoka kwenye jicho hadi kwenye karatasi, uandike. Hicho ndicho kipimo cha kazi yako.

## Hatua ya 1: Chagua ubao ambao fundi ameukataa

Fundo ni mahali tawi lilipokuwa limejichomeka ndani ya shina. Mti ulipokuwa ukinenepa mwaka hadi mwaka, mistari yake ililazimika kulizunguka tawi hilo, ikapinda juu na chini yake na kukutana tena mbele. Ndiyo maana ubao uliopasuliwa kwa ubapa una umbo la jicho lililokwisha tengenezwa: fundo ni mboni, mistari iliyopinda ni kope za juu na chini.

Mafundi samani hawapendi mafundo. Ukienda Keko, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi, ukaomba vipande vyenye mafundo, utapewa vilivyotupwa chini ya meza kwa bei ndogo sana.

Angalia mambo matatu. Fundo lisizidi upana wa sm 2, kwa sababu doa pofu, ukiwa umbali wa sm 30, lina upana usiofika sm 3. Fundo kubwa litabakiza ukingo. Fundo liwe hai, yaani limeshikana na mti pande zote. Lenye duara jeusi la gome kulizunguka limekufa, na litadondoka ukianza kupiga brashi. Tatu, kuwe na angalau sm 12 za mistari iliyonyooka upande mmoja wa fundo. Hapo ndipo nukta itakapokaa.

Onyo: ubao wenye rangi ya kijani umetiwa dawa ya wadudu. Uache. Vumbi lake ni sumu, na moshi wake ni mbaya zaidi.

*Ukifaulu:* ukiushika ubao kwa urefu wa mkono na kukunja macho, mistari inaonekana kama maji yanayolizunguka jiwe.

## Hatua ya 2: Inua mistari

Msonobari una mistari migumu ya rangi nzito na mistari laini ya rangi hafifu, ikifuatana. Brashi ya waya inakula ile laini na kuiacha migumu ikiwa imesimama. Tofauti hiyo ya kimo ndiyo itakayoshika wino.

Vaa barakoa. Funga ubao mezani kwa klampu, au kaa juu ya ncha yake moja. Piga brashi kufuata mistari, kamwe usiikate. Ukiikata utaacha mikwaruzo ambayo wino utaichapa yote, na hakuna namna ya kuifuta. Karibu na fundo zunguka pamoja na mistari kama unavyofuata kona ya barabara. Endelea mpaka ukucha wako, ukiuburuta kukatisha ubao, uwe unagotagota. Kina cha milimita moja kinatosha.

Kisha pangusa vumbi lote, pitisha msasa kidogo sana juu ya vilele ili viwe sawa, na upake koti moja jembamba la vanishi. Bila vanishi ubao utaunywa wino wa chapa tatu za kwanza. Koti likiwa zito litaziba mabonde uliyoyahangaikia. Acha siku nzima.

*Ukifaulu:* mwanga wa taa ukija kutoka ubavuni, kila mstari una kivuli chake.

## Hatua ya 3: Sugua

Tandaza karatasi ya fotokopi juu ya ubao na uibane pembe nne kwa selotepu. Ikisogea hata nywele moja, mistari itakuwa miwili miwili. Laza penseli ubavu, si ncha. Anzia kwenye fundo na uende nje, kwa mkono mwepesi. Ni bora kupita mara tano kwa wepesi kuliko mara moja kwa nguvu, kwa sababu nguvu huisukuma karatasi ndani ya mabonde na kuyachora pia.

Fanya sita. Ya kwanza hafifu, ya pili nzito, ya tatu nzito katikati na hafifu kingoni, nyingine jinsi mkono unavyotaka. Usichague bado. Andika nyuma ya kila moja upande upi ni wa juu wa ubao.

Kuna jambo wengi huchanganya hapa. Mchoro wa kusugua hauji kinyume: kilicho kushoto kwenye ubao kiko kushoto kwenye karatasi. Chapa ndiyo itakayokuja kinyume. Lakini kwa weusi na weupe vinafanana, kwa kuwa kote kuwili kilichoinuka ndicho cheusi. Kwa hiyo karatasi uliyo nayo mkononi ni chapa yako iliyotazamwa kwenye kioo.

## Hatua ya 4: Tazama bila kutaja

Hapa ndipo watu hupita mbio, na hapa ndipo kazi yote ilipo.

Ziweke karatasi zilale usiku mmoja. Asubuhi zibandike ukutani kwa kimo cha macho yako. Kaa mbele ya ya kwanza dakika tatu kwa saa. Igeuze robo, dakika tatu tena. Pande zote nne. Kisha inayofuata. Ni zaidi ya saa moja kwa jumla. Ukiona ni nyingi, zigawe siku mbili, usizipunguze.

Unapotazama, andika kwenye daftari, ila kwa sharti moja: usiandike jina la kitu chochote. Andika vitendo. Inashuka. Inajikunja. Inabana halafu inaachia. Kuna kinachojificha chini kulia. Majina yanakuja baadaye.

Sababu yake ni hii. Ubongo ukishasema "kobe", macho yanaacha kufanya kazi. Yanakwenda kutafuta miguu ya kobe, yanaipata, na kila mstari usiokuwa wa kobe unageuka uchafu. Umejua, kwa hiyo huoni tena. Wasurealisti walichokitafuta katika sakafu na majani ni ule muda mfupi kabla ya jina, na wewe unajaribu kuurefusha kwa dakika tatu.

Utaniuliza: mbona umekwisha niambia kuna jicho? Kweli, na fundo lolote lina jicho, mtoto mdogo analiona. Unachotafuta ni mengine yote: limefumba kiasi gani, linatazama wapi, lina umri gani, na limekaa ndani ya kitu gani. Hayo ubao wako unayo na ubao wa mwenzako hauna.

Ubao wangu wa kwanza niliusugua mara nane. Kwa siku mbili niliona maji ya mto, na nikashikilia hapo. Siku ya tatu nilimwonyesha seremala mmoja mzee karatasi ileile. Hakuona mto wala jicho. Aliweka kidole kwenye ufa mdogo chini ya fundo, ulioshuka sm 3 hivi kisha ukapotea, akasema, "Hapa mti uliumia ukatoa utomvu." Mimi ule ufa nilikuwa nimepanga kuuchonga uondoke kwa kuwa uliuharibu mto wangu. Niliporudi nyumbani na kuitazama tena, ulikuwa chozi, na jicho lote likawa zito, limefumba nusu, la mtu aliyelia akanyamaza. Sikuongeza kitu. Yote yalikuwapo tangu ubao ulipopasuliwa.

Ukikwama, kuna njia mbili. Chukua kadi, toboa tundu la sindano nene, tazama mchoro kupitia hilo ukitembea nalo polepole; ukinyimwa umbo zima utalazimika kuona vipande. Au kunja macho mpaka mistari iungane kuwa vivuli.

*Ukifaulu:* unaweza kuonyesha kwa kidole sehemu tatu ambazo jicho tayari limekamilika bila msaada wako, na sehemu mbili au tatu tu linapoomba kusaidiwa. Sehemu zinazoomba zikiwa kumi, rudi ukutani. Bado unabandika.

## Hatua ya 5: Weka nukta, hamisha alama

Chagua karatasi moja. Rudisha juu ya ubao mahali ilipokuwa, mistari juu ya mistari, na uchomeke kaboni chini yake, upande wa wino ukitazama ubao. Chora zile sehemu mbili tatu pekee. Usilichore duara la jicho.

Sasa nukta. Kwenye chapa tunataka nukta iwe kushoto na fundo kulia, ili mtazamaji atumie jicho la kulia. Kwa kuwa chapa inakuja kinyume, kwenye ubao weka nukta kulia kwa fundo. Pima sm 8 kutoka katikati ya fundo kufuata mistari. Ipandishe nusu sentimita juu ya usawa wa fundo, kwa sababu doa pofu liko chini kidogo ya mstari wa kutazama. Kama wakati wa kupima duara lako lilipotea vizuri zaidi kwa sm 7.5, tumia hiyo.

Ukikosea ukaiweka kushoto, usitupe ubao. Chapa itafanya kazi kwa jicho la kushoto, utabadilisha maelezo tu.

Onyo: usizungushe fundo kwa duara jeupe nene. Wengi hufanya hivyo ili mboni "ionekane vizuri". Ubongo hujaza doa pofu kwa kile kinachoizunguka mboni, na ukiizungushia weupe itajazwa weupe, mtazamaji aone tundu tupu. Acha mistari ya mti ifike mpaka kwenye fundo.

## Hatua ya 6: Chonga kidogo

Noa kwanza. Bobari butu huhitaji nguvu, na nguvu ndiyo inayomkata mtu. Jaribu kwenye ukingo wa ubao: ukipata kijinyuzi kinachojikunja, ni kali, ukipata unga, rudi kwenye kinoo.

Pigilia kipande cha mbao kwenye ukingo wa meza ili ubao uegemee hapo. Mkono usio na bobari ukae nyuma ya ncha wakati wote. Sukuma kwenda mbele, kamwe usielekeze kwako.

Anza na nukta. Kwa bobari ya U ondoa kiduara cha ukubwa wa punje ya mahindi, ukiacha katikati kichwa kidogo kilichosimama. Ndicho kitakachochapwa. Kikivunjika, safisha shimo lote na uliache liwe nukta nyeupe, inafaa vilevile.

Halafu sehemu zinazoomba. Mimi hujiwekea mpaka wa mikato ishirini kwa ubao mzima, na nahesabu kwa sauti. Pembe ya ndani ya jicho kwa kawaida huhitaji mikato mitatu au minne ya V, ikifunguka kutoka kwenye mistari kama kidole kinavyoachana na kiganja. Kope ya chini inaweza kuhitaji mkato mmoja mrefu. Kope ya juu iache, mistari iliyopinda inatosha. Fundo lenyewe usiliguse: ni gumu kama pembe, litavunja ncha ya bobari, na halihitaji kitu.

Kila baada ya mikato mitano, tandaza karatasi na usugue kwa penseli uone umefika wapi. Hiyo ni bure, wino si bure.

*Ukifaulu:* mtu asiyejua kitu akitazama ubao anasema mbao, na anakaa nao sekunde kadhaa zaidi ya inavyostahili mbao.

## Hatua ya 7: Tandaza wino

Weka wino wa kiasi cha nusu kijiko cha chai kwenye kioo. Uvuruge kwa skrepa mpaka ulegee. Uvute kuwa ukanda, kisha pitisha roli kwenda na kurudi, ukiinyanyua kila mwisho ili izunguke na kugusa mahali papya.

Sikiliza. Wino mwingi unalia kwa kunatanata, kama ndala kwenye tope, na juu ya kioo una vinundu kama ganda la chungwa. Punguza. Wino wa kutosha una sauti nyembamba ya kuchanika, kama hariri, na unang'aa kwa usawa. Hapo sawa.

Pitisha roli kwenye ubao kwa uzito wa roli yenyewe tu, kufuata mistari kisha kuikatisha. Pita mara nyingi kwa tabaka jembamba, urudi kwenye kioo mara nne au tano. Chungulia mabondeni kwa mwanga wa ubavuni: yabaki na rangi ya mbao. Ukiona weusi unaingia, futa ubao kwa tambara lenye mafuta ya kula, kausha, uanze upya. Usijidanganye kwamba karatasi itaunyonya. Itakupa lile doa jeusi.

## Hatua ya 8: Chapa

Osha mikono kwa sabuni kabla ya kugusa karatasi. Alama ya kidole cha wino ukingoni haifutiki.

Kwanza tengeneza pembe ya kulengea: bandika mezani vipande viwili vya kadibodi vilivyokutana kama herufi L, ubao ukae ndani yake, na weka alama za penseli mezani pa kuanzia karatasi. Shika karatasi kwa pembe mbili zinazotazamana, teremsha upande mmoja kwenye alama, uachilie uliobaki ulale wenyewe. Ikishagusa, isisogezwe.

Weka juu karatasi nyingine nyepesi ya kukinga. Sasa chukua upawa. Mgongo wake ni laini na wa duara, unakaa vizuri kiganjani, na kwangu umeshinda vijiko vyote nilivyojaribu. Sugua kwa miduara midogo kuanzia kwenye fundo kwenda nje, kwa uzito wa bega, si wa kidole. Kazi ya sm 30 kwa 15 inachukua kama dakika kumi. Kingo ndizo husahauliwa.

Kabla ya kutoa, bana upande mmoja kwa kiganja na ufunue pembe ya upande wa pili. Kama ni hafifu, irudishe polepole na usugue tena hapo. Ukiridhika, ivute yote kwa mwendo mmoja.

Chapa ya kwanza na ya pili karibu daima ni hafifu. Usiongeze wino kwa hasira. Ubao unajizoesha, ya tatu itakuonyesha ukweli.

*Ukifaulu:* mistari myembamba zaidi inahesabika, fundo ni jeusi kamili, na nukta imesimama peke yake kwenye kiduara chake. Fumba jicho la kushoto ujaribu palepale, wino ukiwa bado mbichi. Mboni ipotee.

Isipopotea, angalia mambo haya kwa mpangilio: je, nukta iko kushoto kwa fundo kwenye karatasi? Je, unatazama kutoka umbali ulioupima? Je, fundo limevimba kwa wino uliofurika hadi kuzidi sm 2? La mwisho ndilo la kawaida. Futa fundo kwa kidole chenye tambara kabla ya chapa inayofuata.

## Hatua ya 9: Kausha na uweke namba

Zitundike kwenye kamba kwa vibanio, zisigusane. Wino wa mafuta huchukua siku tatu hadi wiki, na masika kwenye pwani ni zaidi. Usiziweke juani, karatasi itajikunja.

Safisha ubao, roli na kioo kwa mafuta ya kula kwanza, kisha sabuni na tambara lenye unyevu. Usiuloweke ubao majini, utapinda. Mafuta ya taa hayahitajiki.

Zikikauka, tia alama kwa penseli chini ya chapa: kushoto namba, kwa mfano 3/10, yaani ya tatu kati ya kumi; katikati jina; kulia sahihi. Ukiandika kumi, zibaki kumi. Jina lisiseme jicho. Rudi kwenye daftari la hatua ya nne, uchukue kitendo kimoja ulichokiandika kabla hujajua.

## Hatua ya 10: Tundika

Usiweke kioo mbele yake. Mtazamaji akifumba jicho moja na kusogea, kioo kitamwonyesha uso wake na dirisha lililo nyuma yake, na nukta haitaonekana. Fremu ya mbao isiyo na kioo inatosha, mbali na jiko na mlango unaoingiza mvua.

Itundike ili nukta iwe kwenye kimo cha macho ya mtu wa wastani, na mbele yake pawe na nafasi ya kusimama. Kisha funga uzi mweupe chini ya fremu, upande wa nukta, unaofika kwenye nukta na kuzidi kwa umbali uliouandika siku ya kwanza, na ncha yake uifunge ushanga. Mgeni anauinua uzi hadi kwenye nukta, anavuta mpaka ushanga uguse mfupa wa shavu chini ya jicho la kulia, anauachia, anafumba la kushoto. Simama kando, usimwambie kitu. Wengi hukaa kimya, kisha hufungua jicho, hufumba tena, na mkono wao huenda taratibu kwenye karatasi kugusa mahali fundo lilipokuwa.